Uzi: Bohol ya Ufilipino, mkoa unaoeleweka vizuri zaidi ukiufuata kwa njia ya pwani

Mwanzisha uzi

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Nimesoma humu mada kadhaa za safari za Asia, na nyingi zinaishia Bangkok, Dubai na Guangzhou, kwa hiyo nimeona nilete habari za mkoa wa Bohol nchini Ufilipino, ambako nilifika kwa mwaliko wa baharia mwenzangu aliyenitaka nisherehekee pamoja na ukoo wake sikukuu ya mtaa wao. Nitaandika kwa urefu, kwa sababu naamini mkoa huu unapunjwa na namna ya haraka ambayo wageni wengi huutembelea.

Bohol ni kisiwa kikubwa katika eneo la Visayas ya Kati, pamoja na visiwa vidogo vingi vinavyokizunguka. Eneo lake ni takriban kilomita za mraba 4,800, na sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu karibu milioni 1.4. Makao makuu ni mji wa Tagbilaran, unaofikiwa kwa boti ya abiria kutoka Cebu kwa muda wa saa mbili hivi, au kwa ndege kupitia uwanja uliofunguliwa mwaka 2018 katika kisiwa jirani cha Panglao, ambacho kimeunganishwa na Bohol kwa madaraja. Mgeni wa kawaida hushuka asubuhi, hukodi gari, huonyeshwa Milima ya Chokoleti, hupelekwa kumtazama mnyama mdogo aitwaye tasia, hula chakula cha mchana juu ya boti katika mto Loboc, na jioni huwa amekwisha kurudi Cebu au kwenye hoteli yake Panglao. Vitu hivyo vyote vinastahili kuonwa, lakini vikitazamwa peke yake havisemi kwamba hawa ni watu wa bahari, na kwamba karibu kila jambo la fahari walilo nalo limetoka baharini.

Tuanze na milima hiyo yenyewe. Ni vilima visivyopungua 1,260, vingi vikiwa na kimo cha mita 30 hadi 50, vilivyotawanyika katika wilaya za Carmen, Batuan, Sagbayan na nyingine jirani. Nyasi zinazovifunika hukauka wakati wa kiangazi na kuwa za rangi ya kahawia, na hapo ndipo jina lilipotokea. Anayepanda ngazi 214 za kilele cha Carmen hutazama pande zote na kudhani ni vichuguu vya udongo, kumbe anatazama chokaa ya matumbawe: eneo lote lilikuwa chini ya bahari, likainuliwa na nguvu za ardhi, kisha mvua za zama nyingi zikalichonga. Mwaka 2023 UNESCO iliitambua Bohol kuwa Hifadhi ya Jiolojia ya Dunia, ya kwanza katika Ufilipino, hadhi ileile ambayo Ngorongoro Lengai ya kwetu ilipewa mwaka 2018. Inasikitisha kwamba mwaka 2024 picha za hoteli yenye bwawa la kuogelea iliyojengwa katikati ya vilima hivyo zilienea mitandaoni na kuwakasirisha Wafilipino wengi, hadi serikali ikaagiza ifungwe kwa muda. Eneo hilo lilikuwa limetangazwa kuwa la kulindwa tangu mwaka 1997, na swali la jinsi ujenzi ulivyofika hatua ile ni la haki kabisa.

Kuhusu tasia nitasema machache. Ni mnyama wa usiku, jamaa wa mbali wa komba wetu, anayeenea katika kiganja cha mkono, na kila jicho lake lina ukubwa unaolingana na ubongo wake. Kelele, mwanga wa kamera na kushikwashikwa humdhuru sana. Nendeni katika hifadhi ya Corella, ambako wanyama huachwa msituni na mgeni huongozwa kimyakimya, na msitoe pesa zenu mahali popote wanyama hao wanapofungiwa ili watu wapige nao picha.

Sasa nifike pwani. Ukitoka Tagbilaran ukielekea mashariki, mji wa kwanza wenye uzito ni Baclayon. Wamisionari wa Kijesuiti walifika hapo mwaka 1596, na kanisa la mawe lililopo lilikamilika mwaka 1727. Mawe yake ni ya matumbawe, yaliyokatwa baharini na kuchongwa kwa mraba, yakaunganishwa kwa chokaa ambayo wenyeji wanasimulia kuwa ilichanganywa na ute mweupe wa mayai. Aliyewahi kuingia katika Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani atapapasa kuta zile na kutambua jiwe analolijua. Katika pwani hiyohiyo, upande wa magharibi wa Tagbilaran, umesimama mnara wa Punta Cruz huko Maribojoc, uliojengwa mwaka 1796 ili walinzi waone mapema majahazi ya wavamizi waliokuja kuteka watu. Pwani ile iliishi kwa hofu, na majengo yake mengi yalikuwa ngome kwa kadiri yalivyokuwa nyumba za ibada.

Baada ya Baclayon inakuja Alburquerque, na hapa naomba mniruhusu nikae kidogo, kwani ndipo penye jambo lililonigusa kuliko yote. Familia chache za mji huu zinatengeneza chumvi iitwayo asin tibuok. Makumbi ya nazi hulowekwa kwa miezi kadhaa katika mashimo ambayo maji ya bahari huingia na kutoka. Yakishashiba chumvi hukatwakatwa, hukaushwa juani, kisha huchomwa polepole kwa siku nyingi, huku moto ukirushiwa maji ya bahari ili usiwake sana, mpaka yabaki majivu yenye chumvi. Majivu hayo hujazwa katika machujio makubwa yenye umbo la faneli, maji ya bahari humwagwa juu yake, na yale yanayodondoka chini ni maji mazito yenye chumvi kali. Maji hayo huchemshwa katika vyungu vya udongo vilivyopangwa juu ya tanuri, na mpishi huvijaza tena na tena kila vinapopungua, kwa saa nyingi, mpaka chumvi iwe donge moja gumu na chungu kipasuke kwa joto. Donge huuzwa likiwa bado limekaa katika kipande cha chungu. Mlaji hulikwaruza juu ya wali wa moto au yai, na ladha yake ina moshi kidogo na tunda kidogo. Zamani wachumvi walivuka bahari wakiwa na madonge hayo na kuyabadilisha kwa mchele.

Kazi hii ilikaribia kufa. Kuni na makumbi vilipanda gharama, vijana wakaenda Manila na ng'ambo, na mwaka 1995 ikapitishwa sheria ya kutaka chumvi ya chakula itiwe madini joto, sheria yenye nia njema ya afya ambayo hata hivyo iliwabana watengenezaji wadogo nchi nzima. Waliobaki walishikilia kwa sababu ni kazi ya baba na babu. Siku hizi wapishi wa migahawa mikubwa ya nje wanaitafuta chumvi hiyo na bei yake imepanda, na mwaka 2024 nchi ilipitisha sheria mpya ya kufufua sekta ya chumvi kwa ujumla. Mimi nawaomba wanaokwenda Bohol wafike Alburquerque, waone tanuri, wanunue donge kwa mwenye kulipika na wasiombe kupunguziwa bei.

Zaidi ya hapo kuna Loboc yenye mto na kwaya ya watoto iliyoshinda mashindano ya kimataifa, kuna Jagna yenye kitamu kiitwacho kalamay, na mbali zaidi mashariki kuna Anda, ambako miamba ya Lamanoc ina alama za mikono zilizochorwa kwa udongo mwekundu na watu wa kale. Lamanoc hufikiwa kwa mtumbwi kupitia mikoko, pamoja na kiongozi wa kijiji, na wenyeji bado wanapaheshimu kama mahali pa waganga na mizimu. Ingieni kwa adabu hiyohiyo.

Nakaribisha maswali.

Nahodha Mstaafu

Ndugu mwanzisha uzi, pokea shukrani zangu. Nimefanya kazi na Wafilipino katika meli kwa miaka mingi, na sikumbuki hata mmoja wao aliyenieleza habari ya chumvi ya makumbi, ingawa wa Visayas walikuwa wengi. Kwetu Unguja makumbi nayo hufukiwa katika matope ya pwani kwa miezi, lakini ni kwa ajili ya kupata nyuzi za kusokotea kamba, na sikuwahi kusikia mtu akiyachoma apate chumvi.

Napenda kuuliza juu ya vyombo vyao vya bahari. Je, bado wanatumia vyombo vyenye matengo pande mbili kama ngalawa?

Mwanzisha uzi

Shikamoo Nahodha. Ndiyo, na ni vingi mno. Huviita bangka, na matengo yake ni ya mianzi, marefu kuliko ya ngalawa, yakishikiliwa na mapondo yaliyopindwa. Vidogo hupigwa kafi au hufungwa injini ndogo, na vikubwa hubeba abiria na mizigo baina ya visiwa. Tanga limekwisha karibu kabisa. Wataalamu wa historia ya bahari wanaihusisha ngalawa ya pwani yetu na mabaharia wa jamii ya lugha za Kiaustronesia, walewale waliofika Bukini (Madagaska), na Wafilipino ni wa jamii hiyo ya lugha. Kwa hiyo jamaa zako wa melini walikuwa na sababu ya kuitazama ngalawa kwa jicho la kuifahamu.

Uliza pia wavuvi wa kisiwa cha Pamilacan, kilomita chache kusini ya Baclayon. Mababu zao waliwinda nyangumi, papa potwe na taa wakubwa kwa namna ambayo haiaminiki: mwindaji aliruka kutoka chomboni akiwa na kulabu kubwa mikononi na kuichoma mgongoni mwa mnyama kwa uzito wa mwili wake mwenyewe. Katika miaka ya 1990 serikali ilipiga marufuku uwindaji huo hatua kwa hatua, papa potwe wakilindwa tangu 1998, na wawindaji wengine wakageuka waongozaji wa watalii wanaokuja kuona nyangumi na pomboo.

Binti wa Mafia

Nimeguswa na aya hiyo ya mwisho, kwa kuwa mimi natoka Kilindoni, na sisi pia tunaishi kwa wageni wanaokuja kuogelea na papa potwe. Naomba mwanzisha uzi asiipite haraka. Mtu anapoambiwa aache kazi aliyorithi, aliyeandika sheria yupo mjini na anayekosa kitoweo yupo kisiwani. Je, watu wa Pamilacan walifidiwa? Na je, fedha za utalii zinawafikia, au zinaishia kwa wenye hoteli?

Mwanzisha uzi

Dada yangu, swali lako ni la msingi. Marufuku ilikuja kabla ya kazi mbadala, na kwa miaka ya mwanzo familia za Pamilacan zilipata shida ya kweli. Baadaye walisaidiwa kuunda ushirika wa kuongoza safari za kutazama nyangumi, wakitumia vyombo vyao vilevile vya uwindaji vilivyotengenezwa upya. Jicho la mwindaji ndilo lililowapa mtaji, kwani mtu aliyekulia kwenye kazi hiyo huona mgongo wa nyangumi umbali ambao mgeni mwenye darubini haoni kitu. Udhaifu ni ule uliousema: wenye boti za Panglao, walio karibu na hoteli, huwachukua wageni kabla hawajawafikia wenye kisiwa. Msimamo wangu ni kwamba mgeni aende Baclayon, aulize boti ya watu wa Pamilacan, na alale kisiwani kwao usiku mmoja. Fedha hiyo huonekana ilipokwenda.

Mwalimu wa Jiografia

Naomba kuongeza jambo ambalo mwanzisha uzi hakuligusa. Tarehe 15 Oktoba 2013 Bohol ilipigwa na tetemeko la ardhi la ukubwa wa 7.2, lililoua zaidi ya watu 200. Makanisa mengi ya matumbawe yaliyosifiwa hapo juu yalipasuka au kuanguka. Lile la Loon, lililokuwa miongoni mwa makubwa kuliko yote mkoani, lilibaki kifusi. Kilichonivutia kitaaluma ni kwamba ardhi ilikwenda juu sehemu moja na chini sehemu nyingine. Katika pwani ya Loon na Maribojoc sakafu ya bahari iliinuka na matumbawe yakabaki juani, ilhali upande wa kaskazini, karibu na Tubigon, visiwa vidogo vilididimia. Naomba aliyefika atueleze hali ya visiwa hivyo.

Mwanzisha uzi

Mwalimu, umenikumbusha deni. Visiwa hivyo ni vinne: Batasan, Pangapasan, Ubay na Bilangbilangan. Vyote ni vya mchanga na matumbawe, na hata kabla ya 2013 havikuwa na kimo cha kujivunia. Baada ya tetemeko maji ya bamvua yalianza kuingia majumbani, shuleni na kanisani, na hali hiyo hurudi kila mwezi, siku nyingi kwa mwaka. Serikali ilitaka kuwahamishia watu bara, mbali na bahari. Wengi walikataa. Wameinua sakafu kwa vifusi vya matumbawe, wamejenga nyumba juu ya nguzo, wamepandisha vitanda na majiko, na watoto huenda shule wakipita katika maji yanayofika magotini.

Wapo wanaowaona kuwa wakaidi. Mimi siwaoni hivyo. Mvuvi anayejua mkondo, mwamba na msimu wa samaki wa eneo lake, ukimpa kiwanja katikati ya mashamba ya mpunga ya watu wengine, umemwondolea elimu yake yote kwa siku moja. Wanayoyaishi sasa ndiyo ambayo visiwa vingi vya chini duniani vitayaishi bahari ikiendelea kupanda, na kimbunga cha Desemba 2021, kilichoitwa Odette kule na Rai kimataifa, kiliwaumiza tena. Wanasayansi wanakwenda kwao kujifunza jinsi jamii inavyojirekebisha, na ni sawa, ila nadhani wanastahili pia kuta za kuzuia mawimbi na maji safi ya kunywa.

Kuhusu makanisa, Loon na Maribojoc yamejengwa upya, na ya Baclayon na Loboc yamekarabatiwa jiwe kwa jiwe pale ilipowezekana. Mnara wa kengele wa Baclayon ulikuwa umevunjika nusu.

Mama Swaleh

Asalaam aleikum. Mimi nina swali la kawaida kwa msafiri Mwislamu. Mwanzisha uzi anasema alialikwa kwenye sikukuu. Tunajua nguruwe ndiye chakula cha heshima huko. Mtu anakaaje mezani bila kumvunjia mwenyeji heshima na bila kuvunja dini yake?

Mwanzisha uzi

Waaleikum salaam mama. Mwezi Mei wote Bohol ni wa sikukuu. Kila mji na kila kitongoji kina siku ya mtakatifu wake, kuanzia Tagbilaran tarehe 1 Mei. Waliohama hurudi kutoka Manila, Dubai, Riyadh na melini, na milango huachwa wazi. Ukipita njiani unaitwa uingie ule, hata kama hakuna anayekufahamu. Loboc husherehekea tarehe 24 Mei, na kwa siku kadhaa kabla yake huchezwa Bolibong Kingking mbele ya kanisa, ngoma ya kuomba na kushukuru inayopigwa kwa ngoma na upatu, watu wa rika zote wakipokezana, wakiwemo wagonjwa waliokuja kuomba kupona.

Ni kweli nguruwe mzima wa kuchoma huwekwa katikati ya meza. Nilimwona Mwislamu mmoja mgeni akimweleza mwenye nyumba mapema, kwa utulivu, kwamba dini yake haimruhusu, na mama wa nyumba akaandaa samaki wa kuchoma, wali na matunda katika vyombo vya peke yake, bila kuonyesha kuudhika hata kidogo. Ufilipino ina mamilioni ya Waislamu kusini, katika Mindanao na Sulu, kwa hiyo katazo hilo si geni kwao. Ulizeni lakini kuhusu mafuta ya kukaangia na mchuzi wa mboga, kwani nguruwe huingia hata katika sahani za mboga za majani.

Vitamu vingi havina tatizo la nguruwe. Kalamay ya Jagna ni unga wa mchele unaonata, tui la nazi na sukari, unaokorogwa kwa muda mrefu na kufungiwa katika kifuu cha nazi kilichozibwa kwa karatasi nyekundu. Kipo pia kiazi kikuu cha zambarau, ubi, ambacho Bohol wanakiheshimu kuliko zao lolote: kikimponyoka mtu na kuanguka, hukiokota na kukibusu, kwa kuwa kiliwalisha mababu wakati mazao mengine yalipokauka.

Mpenda Historia

Nimesubiri mtu ataje undugu wa kuchanjiana na sijaona. Bohol ndipo Datu (yaani chifu) Sikatuna na Mhispania Miguel López de Legazpi walipochanjiana mwezi Machi 1565, wakachanganya damu katika kikombe cha divai na kunywa. Tagbilaran huadhimisha tukio hilo kila Julai katika tamasha la Sandugo, na ipo sanamu kubwa iliyochongwa na Napoleón Abueva, mzaliwa wa Tagbilaran. Lakini naomba wasomaji wasiliache tukio hilo peke yake. Watu haohao wa Bohol waliasi chini ya Tamblot mwaka 1621, na chini ya Francisco Dagohoy kuanzia 1744 hadi 1829, miaka 85, uasi mrefu kuliko wote katika historia ya Ufilipino. Ulianza baada ya padri kukataa kumzika kikristo ndugu yake Dagohoy.

Mwanzisha uzi

Nakubaliana nawe kikamilifu, na nashukuru kwa kulitaja. Anayehudhuria Sandugo mwezi Julai apange pia siku ya kwenda Danao, katika milima ya ndani, ambako lipo pango la Dagohoy. Usafiri wa umma unafika, ingawa kwa kusubiri. Mimi nilitumia pikipiki za abiria, ambazo ni sawa na bodaboda zetu.

Kwa walioniuliza pembeni kuhusu mpango wa safari: tengeni angalau siku saba, na msilale Panglao zote. Laleni Baclayon au Loboc, Jagna, kisha Anda, mkifuata barabara ya pwani kwa basi, halafu mrudi kwa upande wa kaskazini kupitia Ubay (mji, si kile kisiwa cha jina hilo), Getafe na Tubigon. Getafe pana kisiwa cha Banacon, ambako wanakijiji walianza kupanda mikoko kwa mikono yao mwaka 1957, na leo ni msitu mkubwa unaowalinda na dhoruba. Milima ya Chokoleti ni bora kuanzia Februari hadi Mei kwa anayetaka rangi ya kahawia. Bahari hutulia zaidi miezi hiyohiyo, na vimbunga huhatarisha zaidi mwisho wa mwaka, hasa Desemba.